Pilipili za Darini

Jumapili, 9 Februari

Wametuletea kalenda na vitabu vya kuandikia. Nailoni ya kikaushio hawakuleta.

Kitabu chenyewe ndicho hiki. Jalada lina mikono miwili iliyoshikana, mmoja mweupe na mwingine mweusi, na chini yake imeandikwa "Ushirikiano wa Kibiashara kati ya Ulaya na Mkulima Mdogo". Loyce, bibi shamba wa mradi, ametuambia tuandike humu yale tunayojifunza. Haya, nimejifunza kwamba utepe unaweza kukatwa mbele ya kitu ambacho hakijaisha. Januari walikuja hapa Sindeni na msafara wa magari, wakasimamisha nguzo na chaga za waya za kikaushio cha kukaushia pilipili kwa jua, wakachimbia kibao kikubwa. Bwana Julius, mratibu kutoka ofisi ya Korogwe, akakata utepe, sisi tukapiga vigelegele, wakapiga picha, wakaondoka. Paa la nailoni, ambalo hasa ndilo linalokausha, liko bandarini. Bila paa hilo tuna kitanda cha kuku, na kuku wamekwisha kuhamia.

Sisi ni kikundi cha wanawake tunaolima pilipili kichaa bila dawa yoyote ya viwandani, kwa ajili ya mnunuzi wa Ulaya. Mwenyekiti ni mama mkwe wangu, Bi Hajira. Mimi Hafsa ni katibu, kwa sababu nilifika kidato cha nne na kwa sababu, anavyosema yeye, Mungu amenijalia mdomo.

Jumatano, 12 Februari

Tumechuma. Nimejisahau nikajifuta jasho usoni. Siandiki zaidi.

Alhamisi, 20 Februari

Nimegombana na Bi Hajira kuhusu kalenda. Ameitundika jikoni kwake na kuifungua mwezi wa Mei, na Mei itabaki hapo mpaka mwaka uishe, kwa sababu picha ya Mei ni yeye. Walimpiga picha hiyo mwaka jana. Ameketi kando ya mafiga, moshi unapanda, na juu yake dari limejaa pilipili na mbegu za mahindi. Chini wameandika "Hekima ya Bibi, Ladha ya Ulaya".

"Mama, leo ni Februari," nimemwambia.

"Februari ina picha ya nani?"

"Ya tangawizi."

"Basi tangawizi isubiri."

Ni mwanamke mgumu. Nyumba ina bati jipya, mwanawe Mhina, mume wangu, amemjengea jiko la nje lenye dirisha, yeye bado anapika kwenye kijumba cha udongo chenye masizi ya tangu enzi za mama yake. Mimi nikitoka mle nanuka kama samaki wa kubanika.

Jumapili, 2 Machi

Ramadhani imeanza. Mawingu upande wa milima ya Usambara. Nimempigia Loyce kuhusu nailoni. "Wiki ijayo, dada."

Jumatatu, 10 Machi

"Wiki ijayo, dada."

Ijumaa, 14 Machi

Masika imeingia kwa fujo. Mvua haikupiga hodi. Tulikuwa tumeanika juu ya maturubai uwanjani, tukakimbia na swaumu zetu, wengine wakiteleza kwenye matope. Tulizoziokoa zimeloa. Anga limefunga kote na pilipili shambani zimeiva, zinataka kuchumwa, hazijui kwamba nailoni iko bandarini.

Jumatatu, 17 Machi

Zimeanza kuota ukungu. Nimezinusa nikataka kulia. Sikulia, nimekasirika tu.

Loyce alifika mchana kwa pikipiki, ametapakaa matope hadi kwenye kofia. Ni binti wa Lushoto, mpole, wa kanisani, akisalimia wazee anapiga goti kidogo. Nampenda. Lakini leo alisimama chini ya nguzo za kikaushio akaangalia juu kana kwamba nailoni itashuka na mvua.

"Zenye ukungu hazipokelewi kabisa," alisema. "Bora hata zisingechumwa."

"Sasa tufanyeje?"

Bi Hajira ndiye aliyejibu. "Mwanangu, kwetu masika haikuanza leo. Mbegu ya mahindi inakaa wapi mvua ikinyesha? Darini. Haipati ukungu wala wadudu. Pilipili itashindwa nini?"

Tukaingia wote kwenye kijumba chake. Loyce akapanda ngazi, akachukua pilipili moja iliyokaa juu tangu wiki jana, akaivunja kwa ukucha. Ikalia kavu. Akatazama kalenda ukutani, akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Kama kwenye picha," alisema. "Safi sana, bibi. Wengine nao wafanye hivi."

Nayaandika maneno hayo jinsi yalivyotoka kinywani mwake. Wakati ule yalinifurahisha. Jioni nilimwambia Mhina kwamba kumbe mama yake na masizi yake ndiye amekiokoa kikundi, naye akafuturu akicheka.

Jumapili, 23 Machi

Kila jiko la Sindeni linawaka usiku na mchana. Tunapiga chafya hadi kwenye tarawehe.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Wali, nyama, mvua.

Jumanne, 8 Aprili

Lori la mradi limebeba magunia kwenda ghala la Korogwe. Pilipili nyekundu, kavu, zinalia ukizitikisa. Bi Hajira alilipungia lori mkono hadi lilipopotea kwenye kona. Nimemheshimu leo. Nimemsugulia hata sufuria.

Alhamisi, 24 Aprili

Hasira imenikaba, sijui nianze wapi.

Tumeitwa Korogwe, mimi na Bi Hajira. Ofisini kuna viti vinavyozunguka na chupa ndogo za maji. Bwana Julius alituamkia vizuri, "Shikamoo, bibi", akatuuliza habari za masika. Loyce alikuwa kwenye kona anaangalia viatu vyake. Kisha Bwana Julius akasema sampuli za pilipili zetu zilipelekwa maabara Ulaya, na zimekutwa na kemikali. Akaitaja jina, refu kama treni. Kule kwao, alisema, hupakwa kwenye mbegu ili ndege wasile.

"Mmepuliza dawa," alisema.

Bi Hajira hakuelewa. Alinigeukia mimi. "Anasema tumefukuza ndege?"

"Anasema tumetia sumu, mama."

Sijawahi kumwona anatetemeka. Mwanamke huyu alizika mume na watoto wawili huku akiwagawia watu chai. Leo kikombe kiligonga kisahani mpaka akakiweka chini.

Nilisema hatuijui hiyo dawa, haiuzwi Handeni wala Kabuku, na ndege gani anakula pilipili kichaa, anataka kujiua? Bwana Julius aliinua mkono taratibu, kama mwalimu wa darasa la kwanza. Mnunuzi hana ugomvi, alisema. Ushirikiano unasamehe. Kuna tamko fupi tu, kikundi kikiri kwamba baadhi ya wanachama walipuliza dawa kwa kutojua, wanaomba radhi, wako tayari kufundishwa upya. Mkitia sahihi, msimu ujao mnarudi. Msipotia, cheti cha kilimo hai kinafutwa na majina yenu yanapelekwa kwa wanunuzi wote.

"Kwa kutojua," nilimwambia. "Yaani tuseme sisi wajinga au tuseme sisi waongo, tuchague."

"Dada Hafsa, usichukulie hivyo."

Nichukulie vipi? Mitumba yao inashushwa hapa kwa marobota, ina jasho la watu nisiowajua, hakuna anayeipeleka maabara. Magari yao waliyochoka kuyapanda wao wenyewe yanatufukizia moshi hapa. Kiungo changu kimoja, kidogo kama ukucha, ndicho kinachopimwa mpaka roho yake. Na wapime, ni haki yao, ni chakula. Lakini kabla ya kunihukumu waniulize.

Tulipofika Sindeni Bi Hajira aliingia jikoni, akaigeuza kalenda, picha ikatazama ukuta.

Jumamosi, 26 Aprili

Sumu sasa imetuingia kweli. Kila mmoja anamtazama mwenzake. Huyu shamba lake limepakana na la mwenye dawa, yule shemeji yake ana duka la pembejeo. Jana mwanachama mmoja alifungiwa mlango na dada yake wa damu.

Na mimi si bora kuliko wao. Nililikumbuka bomba la Mhina la kupulizia dawa viwavijeshi vya mahindi, nikamvaa anakula. Alinawa mikono, akanichukua hadi stoo, akanionyesha bomba. Buibui wamejenga mdomoni mwake. "Tangu ulipoingia kikundi sijaligusa," alisema. "Mahindi yangu yaliliwa mwaka jana, nikanyamaza, ili pilipili zako ziende Ulaya." Nimeona aibu ambayo sabuni haiwezi kuiosha.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 3 Mei

Loyce amekuja. Si na gari la ofisi, ni kwa pikipiki yake, na hakuvaa fulana ya mradi. Nilikuwa napalilia. Sikumkaribisha, nikaendelea kulima, yeye akanifuata tuta kwa tuta.

"Dada Hafsa, si dawa," alisema. "Ni moshi."

Nikasimama.

Alieleza kwamba aliuliza watu wanaojua kazi ya maabara. Kemikali ile inatoka pia kwenye moshi wa kuni, na kitu kikavu kikikaa juu ya moto wiki nzima kinainywa. Hatukupuliza chochote. Darini ndiko ilikotoka.

"Umejua lini?"

"Kabla hamjaitwa Korogwe."

Jembe lilinitoka mkononi. Nilimuuliza kwa nini alikaa kwenye kona ile akamwacha mzee wa watu akitetemeka. Alianza kulia na mimi sikumhurumia hata kidogo. Alisema, akitaja moshi, ofisi itaulizwa kwa nini tumekausha jikoni wakati kijiji kina kikaushio. Na kikaushio, kwenye taarifa iliyokwenda Ulaya, kimekamilika tangu Januari na kinafanya kazi. Taarifa hiyo aliiandika yeye, akaambiwa na Julius aandike hivyo kwa kuwa nailoni ilikuwa "karibu kufika".

"Kwa hiyo ili taarifa yenu isiwe ya uongo, sisi tuwe wauaji."

"Nina mama mgonjwa, dada. Kazi hii ndiyo..."

"Na yule aliyekaa pale na kikombe si mama?"

Aliondoka. Nimelima tuta zima vibaya, nimekata na miche.

Ninachokitaka ni kimoja tu: kosa letu litajwe kwa jina lake. Tulikausha jikoni. Bibi shamba aliona, akasifu. Picha mlipiga wenyewe, mkaipamba. Hilo nitalikubali hata mbele ya kadhi. Lakini kwamba tulikwenda shambani tukapuliza sumu na kunyamaza, hilo hapana.

Jumatatu, 5 Mei

Bi Hajira nimemweleza habari ya moshi. Akauliza, "Kwa hiyo ni mimi?"

Nikamwambia si yeye. Hakuniamini. Usiku huu hakuwasha moto kule ndani, amepikia jiko la nje lenye dirisha, na mimi niliyelitaka jambo hilo miaka yote nimetamani masizi yake.

Jumatatu, 12 Mei

Kikao cha kikundi, barazani kwetu. Nusu walitaka tutie sahihi. Walisema maneno ya haki: karatasi ni karatasi, watoto wanataka kula, nani atasoma huko Ulaya, mkono usioweza kuukata ubusu. Hata mimi nilikuwa nimeshaanza kuibusu ile karatasi moyoni.

Bi Hajira aliwasikiliza wote, akatoa kalamu kwenye khanga, akaiweka chini katikati yetu.

"Mwenye kuandika aandike jina lake," alisema. "Langu asiliandike. Mimi niliweka pilipili juu ya moto, hilo nitasema popote. Lakini nikiandika kwamba nilitia sumu chakula cha watu nisiowajua, nikifa nikaulizwa, nitajibu nini? Kwamba Julius aliniomba?"

Kalamu ililala pale mpaka adhana ya alasiri. Hakuna aliyeigusa.

Jumatatu, 19 Mei

Mvua imekatika kabisa, jua linachoma mgongo. Na leo, leo hii, gari la mradi limeleta nailoni. Vijana wameipiga misumari mchana kutwa, wamefagia kinyesi cha kuku, wamepaka kibao rangi. Kesho mgeni wa Ulaya, kutoka kwa mnunuzi, anakuja kukagua kikaushio. Julius amepiga simu tuandae chakula na tuvae vitenge vya sare.

Nilitaka kukataa kupika. Bi Hajira akasema mgeni hana kosa mpaka ale kwanza.

Jumanne, 20 Mei

Niandike polepole.

Mgeni ni mtu mzima, mrefu, uso umeiva kwa jua, anaitwa Bwana Anton. Alisema "shikamoo" kwa kila mtu hadi kwa watoto. Akapelekwa kwenye kikaushio, akashika nguzo, akatikisa kichwa kwa furaha. Bi Hajira akamwambia, "Nailoni hii imeletwa jana." Loyce ndiye mkalimani. Kizungu changu ni cha kidato cha nne lakini masikio ninayo: alimwambia mgeni kwamba bibi anashukuru sana kwa nailoni. Julius akatabasamu. Nilimtazama Loyce hadi akageuza uso.

Tukaketi mkekani. Ugali, kuku wa kienyeji, mchicha, na bakuli dogo la pilipili ya kusaga. Pilipili hiyo Bi Hajira aliisaga mwenyewe alfajiri, sikumuuliza kaitoa wapi. Mgeni akachovya tonge. Akafumba macho, jasho likamtoka, akacheka, akachovya tena. Akaongea kwa muda mrefu, akinusa vidole.

Loyce alitafsiri kwa sauti ndogo. "Anasema ina harufu nzuri ya moshi. Hajawahi kuonja kama hii. Kwao watu wangeitafuta sana. Anaomba kama inawezekana afungiwe kidogo aende nayo nyumbani."

Mimi nikataka kusimama, Mhina akanishika pindo la kitenge.

Bi Hajira alinawa, akafuta mikono bila haraka. "Loyce, mwambie hizi ndizo alizozikataa."

Loyce akaliweka tonge chini.

"Mwambie hatukupuliza dawa. Mvua ilinyesha, nailoni haikuwepo, tukaziweka juu ya moto. Wewe uliona. Mwambie."

Julius akaingilia, bado anatabasamu. "Loyce, mwambie bibi amefurahi sana, atamfungia."

Loyce alimtazama Julius, kisha akamtazama Bi Hajira. Akaanza. Hakuyapunguza maneno. Nililisikia neno la moshi, nikalisikia la mvua, nikaisikia Januari, nikaisikia jana. Kisha aliongeza ambayo Bi Hajira hakuyasema, akijigusa kifuani, na nikaelewa kwamba ameitaja taarifa na kwamba aliiandika yeye. Tabasamu la Julius lilibaki usoni, limesahauliwa hapo.

Mimi nikaingia jikoni, nikaichukua kalenda iliyogeukia ukuta, nikaiweka mbele ya mgeni, Mei juu. Aliitazama picha. Akatazama bakuli. Uso wake ulipata wekundu mwingine, si wa pilipili. Akamuuliza Julius jambo fupi, Julius akajibu refu, akamuuliza tena lile lile fupi.

Mwisho akasema, kupitia kwa Loyce, kwamba hawezi kuahidi kitu, lakini tamko lile tusitie sahihi, na magunia yasiguswe mpaka yeye mwenyewe aulize. Hawezi kuahidi. Angalau huyu kasema hivyo mapema.

Alipoinuka kuondoka, Bi Hajira alimpa kifurushi cha kitambaa kilichofungwa vizuri. Mimi nilishangaa, nilidhani amekataa.

"Mgeni haondoki kwangu mikono mitupu," alisema. "Mwambie azipeleke maabara mwenyewe. Wakimuuliza zimekaukia wapi, aseme jikoni kwa Hajira, Sindeni."

Jumatano, 21 Mei

Asubuhi nilikuwa nachota maji nikasikia gari la mradi. Vijana wale wale, na nyundo. Loyce hayumo. Nilipouliza yuko wapi, dereva alisema dada huyo hayuko kazini tena, na akasema hivyo akiangalia usukani. Nilimfokea dereva wa watu ambaye hana kosa. Nilimwita Loyce mwoga mbele ya miche yangu, sasa sina hata pa kulirudisha neno hilo.

Wamekuja kung'oa nailoni. Mgeni kesho anakwenda kukagua kikaushio cha kijiji cha Kang'ata, nacho hakina paa.

Sikupata nafasi ya kutukana. Bi Hajira alikuwa ameshatoka na kigoda chake na ungo wa pilipili mbichi. Akaingia ndani ya kikaushio, akazitandaza juu ya chaga, akaketi katikati, akavuta khanga kichwani. Mle ndani joto linachemsha. Wanawake wakaanza kutoka nyumba moja moja na nyungo zao, hata wale waliotaka kutia sahihi, wakaingia, wakaketi.

Kijana mwenye nyundo akasimama mlangoni. "Bibi, shikamoo. Tunaomba utoke, tuna kazi."

"Marahaba, mwanangu. Mwambie Julius sitoki, bado nakaushwa."

Nimeandika haya nikiwa humo humo ndani, nimebanana nao, jasho linadondoka juu ya karatasi. Gari limegeuza.